Kipeo Kilicho Chini: Uhakiki wa Istilahi za Kugeuza Grafu za Kwadratiki

Makala haya yanahakiki uwezo wa istilahi za Kiswahili kubeba mada moja ya aljebra ya awali, yaani kugeuza grafu ya mlinganyo wa kwadratiki. Mada hii iko mahali ambapo Kiswahili hunyamaza darasani. Tanzania hukitumia kufundishia hisabati katika shule za msingi za umma, lakini mada hii husomwa sekondari, kwa Kiingereza. Nchini Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili ni somo, na hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaosikika Kiswahili kutwa nzima, hana namna iliyokubalika ya kuieleza kwa lugha hiyo parabola anayoichora daftarini.

Istilahi ya kwanza yenye kasoro ni kipeo. Katika matumizi ya kawaida neno hili humaanisha kilele, mahali pa juu kabisa. Katika hesabu za shule ya msingi, kipeo huonyesha namba imezidishwa yenyewe mara ngapi, na jirani yake kipeuo hurudisha kinyume. Likitumiwa tena kuitaja nukta ambapo parabola hugeuza mwelekeo, tutapata sentensi hii: katika y = x², ambapo x ina kipeo cha 2, kipeo cha grafu kiko chini kabisa. Mtaalamu ataielewa kwa muktadha, anayeanza atakwama. Kifaransa hakijaepuka tatizo hili, kwa kuwa neno lake sommet ni kilele cha mlima pia. Anayelitafsiri moja kwa moja huhamisha kasoro badala ya kuiondoa. Nukta ya mgeuko ingefaa zaidi, kwa sababu hutaja kinachotokea, iwe juu au chini.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Orodha za istilahi hukusanya nomino, ilhali mada hii inaishi katika vitenzi. Grafu ya y = (x − 3)² ni ile ya y = x² iliyosogea kulia kwa 3. Mwanafunzi aonapo alama ya kutoa hutarajia kwenda kushoto, na kumpa nomino kama “uhamisho mlalo” hakumwondolei mashaka. Kitenzi cha kila siku, kuchelewa, humsaidia. Grafu ya kwanza hugusa sifuri x ikiwa 0. Ya pili huigusa x ikiwa 3. Imechelewa kwa hatua 3, ndiyo maana iko kulia. Katika (x + 3)² imewahi. Katika y = x² + 3, namba huongezwa baada ya x kuzidishwa yenyewe, hivyo kila nukta hupanda kwa 3 bila utata.

Kuchelewa si istilahi, wala hakupaswi kuwa istilahi, kwa kuwa mhimili wa x si lazima uwe wa wakati. Ni maelezo ya mwalimu. Hata hivyo mnyambuliko wa vitenzi ni hazina ya kudumu: sogea na sogeza, pinduka na pindua. Mwanafunzi hubadili alama akapata y = −x²; grafu hupinduka. Lugha yenyewe hutenganisha analotenda mtu katika fomula na linalotokea kwenye karatasi.

Kwa washauri wa sera, pendekezo ni moja. Kabla istilahi ya hisabati haijasanifiwa kwa matumizi ya kikanda, itumiwe kwanza kueleza hatua nzima ya hesabu, mbele ya walimu wanaofundisha kwa Kifaransa na wanaofundisha kwa Kiingereza. Neno litakalofaa katika safu ya jedwali lakini likavunjika ndani ya sentensi lirudishwe. Vinginevyo usanifishaji utaeneza kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kilele kilicho bondeni, na mwanafunzi ataendelea kuamini kwamba kisichoeleweka ni hisabati.