Kitenzi Ambatani "Brainwash": Umbo Lake na Asili Yake

Kitenzi cha Kiingereza brainwash huchanganuliwa mara nyingi kuwa ni mwambatano wa brain, yaani ubongo, na wash, yaani kuosha. Uchanganuzi huo unaafiki umbo lakini unapotosha historia.

Katika Kiingereza, kilichotangulia ni nomino brainwashing. Mwanahabari wa Marekani, Edward Hunter, ndiye aliyeieneza mwaka 1950 katika maandishi yake kuhusu China ya Mao Zedong. Vita vya Korea (1950–1953), pamoja na hofu juu ya hali ya mateka wa Kimarekani, viliipa mashiko. Kitenzi kilipatikana kwa kudondosha -ing, kama babysit kilivyotokana na nomino babysitter. Ndiyo maana Hans Marchand, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu uundaji wa maneno ya Kiingereza, aliviona vitenzi vya aina hii kuwa ambatani bandia.

Hoja ya Marchand ina nguvu, ila inakomea mpakani mwa Kiingereza. Nomino hiyo ni tafsiri sisisi ya neno la Kichina xǐnǎo, ambamo xǐ ni kuosha na nǎo ni ubongo: kitenzi hufuatwa na yambwa yake. Kiingereza kilipolipokea kilipindua mpangilio na kulifanya nomino, kisha kikachopoa kitenzi humo. Kwa hiyo, ambatani iliyo bandia ndani ya Kiingereza ina asili ya kitenzi nje yake. Kudondoshwa kwa -ing kunaeleza umbo lilivyopatikana. Hakuelezi sitiari ilikotoka.

Sitiari hiyo ndiyo inayomtatiza mfasiri wa Kiswahili. "Kuosha ubongo" hurejesha, bila kukusudia, mpangilio wa Kichina. "Kumtia mtu kasumba" hubadili picha nzima, kwani kasumba kwa asili ni afyuni. Kuosha huondoa, kutia huongeza. Zaidi ya hayo, katika Kichina usemi mkongwe xǐxīn, kuosha moyo, huhusu kujitakasa. Mwenye kuosha aweza kudai kwamba anasafisha. Mwenye kutia kasumba hana dai hilo, kwa sababu neno lenyewe limekwisha kumhukumu.

Basi tafsiri hizi mbili si visawe kamili. Matini inayobeba kauli ya mtendaji yafaa itumie kuosha. Inayobeba hukumu ya msimulizi yafaa itumie kasumba. Kamusi inayoziorodhesha bega kwa bega bila maelezo humwachia mfasiri uamuzi ambao etimolojia ingemsaidia kuufanya.