Njia Isiyoandikwa



Kijana mmoja wa Kalembe alinijia na daftari yake. Alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa fasihi juu ya maisha ya Frederick Douglass, mtumwa wa Marekani, yaliyoandikwa naye mwenyewe na kuchapwa mwaka 1845. Alikwisha kushika yote kwa kichwa: kuzaliwa Maryland, kujifunza kusoma kwa siri, kushindana na Bwana Covey, kutoroka tarehe 3 Septemba 1838 na kufika New York. Pahali pamoja tu palibaki patupu. «Padri, alitoroka kwa njia gani? Nimesoma mara mbili, sioni.»

«Huoni, mwanangu, kwa sababu hakuandika.»

Douglass mwenyewe anatoa sababu mbili. Kwanza, angesema, wale waliomsaidia wangepata taabu. Pili, mabwana wangejua mlango, wakaufunga mbele ya watumwa waliobaki nyuma. Utumwa wa Marekani ulikomeshwa mwaka 1865. Ndipo katika kitabu chake cha mwaka 1881 akaeleza wazi: alipanda gari la moshi amevaa sawa baharia, na mfukoni ana barua ya baharia mweusi aliye huru.

Kijana akanyamaza kidogo. Mwezi wa 10 mwaka 2024, vita ilipofika Kalembe, yeye na wa kwao walikimbia. Akasema: «Sasa nafahamu. Mama naye alitukataza kutaja nyumba tuliyolala.»

Ndugu, daftari ilikuwa haijamfundisha jambo hilo. Kitabu cha namna hii kinasomwa katika maneno yake na katika yale kinayoficha. Tena tujiulize: kinaficha kwa faida ya nani?

Tuna mfano katika Kiswahili chenyewe. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na wa watumwa, naye alisimulia maisha yake. Anataja safari, vita na pembe bila haya, kwani hakuwa na mtu wa kuficha. Lakini wale waliobeba mizigo yake, wengi hawana jina ndani. Kimya cha Douglass kinalinda watu. Kimya cha Tippu Tip kinawafuta.

Hata Douglass hakosi lawama. Anna Murray, mwanamke huru wa Baltimore, alimsaidia kwa fedha apate kutoroka. Katika kitabu cha 1845 anatokea karibu na mwisho tu, wakati wa ndoa. Kuficha msaada wake kulikuwa na sababu. Lakini kuficha mapendo yao yote, mimi sioni sababu.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, huko Karema, aliishi Adrien Atiman. Alitekwa akiwa mtoto pande za mto Niger, akavushwa jangwa. Yeye hakutoroka: Mapadri Weupe walimnunua katika Algeria, wakampa uhuru. Akajifunza udaktari kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu mpaka uzee. Alikufa mwaka 1956. Maisha yake, aliyoyaeleza mwenyewe, yalichapwa mwaka 1946. Hapa swali linageuka. Aliyetoroka anaficha njia. Aliyekombolewa huona vigumu kusema neno zito juu ya mkombozi wake. Sisi mapadri tusome habari yake bila kujivuna, tuulize: mtoto yule aliwaza nini siku fedha ilipohesabiwa mbele yake?

Basi, ninyi waalimu mnaotunga mitihani, msiulize miaka na majina peke yake. Ulizeni: mwandishi amenyamaza wapi, na kwa ajili ya nani? Na ninyi wanafunzi, msione haya mbele ya pahali patupu. Kijana wa Kalembe aliandika pale: «Hakusema, kwa sababu wengine walikuwa bado ndani.» Kwangu mimi, jibu hilo linastahili alama zote.