Amepotea kwa Nani?

Mwaka 2014 Barrot Lambdin na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kliniki ya methadoni ya Muhimbili, iliyofunguliwa Februari 2011. Watu 629 waliokuwa wakijidunga walikuwa wameandikishwa. Baada ya miezi 12, asilimia 57 walikuwa bado kwenye tiba. Ni kazi nzuri na sina ugomvi na hesabu zake. Ilionyesha kwamba waliopewa dozi ndogo, chini ya miligramu 40, ndio walioacha zaidi, na hilo daktari anaweza kulirekebisha kesho asubuhi. Ninachogombana nacho ni neno. Katika lugha ya tafiti za aina hii, mtu asiyeonekana tena dirishani huitwa aliyepotea.

Amepotea kwa nani? Huku Mohoro, kusini ya Daraja la Mkapa, kijana aliyebwia unga mjini hadi ndugu wakachoka, akishuka garini na mfuko wake mmoja, hakuna anayesema amepotea. Tunasema amerudi. Mara nyingi ni ndugu wenyewe waliomtoa mjini, wamweke mbali na kijiwe chake. Atapewa jembe. Atapelekwa shambani akae kwenye dungu, alinde mpunga usiliwe na nguruwe na ndege. Arosto itamkuta huko huko, anatapika, mifupa inauma, halali, na bibi anamchemshia uji. Wengine hukaa. Wengine hutoroka kabla mpunga haujaiva.

Sisemi kwamba dungu linashinda methadoni. Arosto ni ugonjwa, na jembe halina dozi. Tena kuna hatari ambayo ndugu wengi hawaijui: mwili uliokaa miezi bila heroini husahau kuihimili. Akirudi mjini akatumia kipimo chake cha zamani, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo yule aliyefutwa kwenye hesabu kwa kuwa amepotea ndiye hasa wa kufuatwa. Utafiti unaomwachia mlangoni unamwacha mahali pabaya kuliko pote.

Methadoni ilianzishwa kwa utaratibu wa kunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na sababu ipo. Ni dawa inayoweza kuua ikizidishwa, na ikitoka nje huuzwa. Baada ya Muhimbili zikafuata Mwananyamala na Temeke, ikawa nafuu kubwa kwa wa mjini. Lakini mtu wa Mohoro akipigiwa simu kwamba mama amefariki, utaratibu huo unamtaka achague kati ya mazishi na kikombe. Akienda kuzika akakaa hadi arobaini, takwimu itamsoma kama mtu aliyeshindwa na tiba.

Yapo maandishi yaliyosikiliza zaidi. Makala ya mwaka 2005 ya Sheryl McCurdy, Gad Kilonzo, Melkizedeck Leshabari na wenzao iliweka neno mageto katika kichwa chake, vile vile lisemwavyo mtaani. Iliwafuata vijana kutoka vijiweni hadi vyumbani, ikaonyesha kwamba mahali mtu anapotumia hubadili namna anavyotumia. Ningependa mtu aisome upya hoja hiyo na kuivusha mto: kama geto linabadilisha matumizi, je, dungu? Makala ile ilihusu Dar es Salaam, na siilaumu kwa kutofika huku. Nalaumu zaidi kwamba miaka ishirini imepita na kijiji bado kinatajwa, kikitajwa, kama mahali mtu alikotoka.

Na Rufiji si ngeni kwa watafiti. Tangu 1998 wahesabuji wamepita nyumba kwa nyumba katika kata kama Ikwiriri, Kibiti na Bungu, kaskazini ya mto, wakiandika aliyezaliwa, aliyekufa, aliyehama, aliyehamia. (Mohoro yetu huingia vitabuni kwa sababu nyingine: Kinjikitile alinyongwa hapa tarehe 4 Agosti 1905, kwa ajili ya maji aliyowapa watu kama dawa.) Safu ya aliyehamia na safu ya aliyepotea zinaweza kuwa na mtu yule yule. Kliniki inaijua tarehe aliyokunywa dawa mara ya mwisho. Tarehe aliyoshuka garini, na alivyolala usiku ule, shangazi yake anaweza kuieleza kutwa nzima, akiulizwa.