Kupoteza Nyumba na Kuuza Nyumba: Uhakiki wa The Salt Path

Kitabu tunachokusudia kukihakiki si riwaya, wala mwandishi wake si mtu wa kwetu. Ni masimulizi ya Raynor Winn, mwanamke wa Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 2018 yakiitwa The Salt Path, yaani Njia ya Chumvi. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, yeye na mumewe Moth, wote wakiwa wamefikia umri wa miaka hamsini hivi, walishindwa kesi iliyotokana na fedha walizoziweka katika biashara ya rafiki, wakanyang'anywa shamba lao la Wales. Siku hizo hizo daktari akamwambia mume kwamba ana ugonjwa adimu wa ubongo usiokuwa na tiba. Basi mwaka 2013 wakafunga mizigo yao katika shanta mbili, wakaanza kuifuata kwa miguu njia ya pwani ya kusini-magharibi, kutoka Minehead, kupitia Devon na Cornwall, hadi Poole: maili 630, yaani zaidi ya kilomita 1,000.

Wengi waliokisifu kitabu hiki wamesema dhamira yake kuu ni ushindi wa mapenzi juu ya maradhi. Sisi hatuoni hivyo. Wazee hawa hawakuondoka kwa kuwa walikuwa na lengo. Waliondoka kwa sababu madalali wa mahakama walikuwa wakigonga mlango, nao wamejificha chini ya ngazi, na hapo mke akakiona kitabu cha zamani cha mtu aliyeitembea njia ile na mbwa. Huo ndio mwanzo wenyewe, na mwandishi hakuupamba. Lengo linakuja baadaye, tena linakuja dogo dogo: maji ya kunywa, mahali pa kusimika hema kabla ya giza, tambi za leo, rasi ya kesho. Posho wanayopata kutoka serikalini haifiki pauni hamsini kwa juma. Mume, aliyeonywa na madaktari asijichoshe na ajihadhari na ngazi, mwanzoni hawezi hata kuvaa shanta yake bila kusaidiwa. Kurasa nyingi baadaye analivaa mwenyewe, na mke anatambua jambo hilo kwa kuchelewa. Mahali kama hapa mwandishi anaandika vizuri sana, maana hatuambii tuhisi nini.

Lakini kiini cha kitabu, kwa maoni yetu, kimo katika majibu mawili. Wapita njia huwauliza wazee hawa wanatoka wapi na wanapataje nafasi ya kutembea muda mrefu hivyo. Mwanzoni wao hujibu kweli: tumepoteza nyumba, hatuna pa kurudi. Mara mazungumzo hukatika. Muulizaji hurudi nyuma, macho hutafuta mahali pengine pa kutazama. Baadaye wanajifunza jibu jingine: tumeuza nyumba, tumeamua kutembea. Papo hapo nyuso zinakunjuka, na watu wanawasifu kwa ujasiri wao, wakitamani laiti nao wangethubutu. Miguu ni ile ile, hema ni lile lile, na njaa haikupungua. Kilichobadilika ni kitenzi kimoja.

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kusimama hapa kitambo. Kiswahili nacho kina safu yake ya majina kwa mtu aliyebeba vyote alivyo navyo mgongoni: mtembezi, mhamaji, mzururaji, mkimbizi. Anayeitwa mtembezi hukaribishwa maji. Anayeitwa mzururaji huitiwa askari. Wala si suala la mazoea ya watu tu. Uingereza ilitunga sheria dhidi ya wazururaji mwaka 1824, na vifungu vya namna hiyo vikaingizwa katika sheria za makoloni. Hapa Uganda ilikuwa Desemba 2022 ndipo Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vilivyomfanya mtu kuwa mkosaji kwa sababu ya kuonekana hana kazi wala makao. Na katika nchi zetu hizi za maziwa makuu, mzee na mkewe wakionekana barabarani na vyombo vyao mgongoni, hakuna anayedhani wanatafuta maana ya maisha. (Mwenzetu mmoja, tulipokizungumzia kitabu hiki, hakujali bahari wala maradhi, aliuliza watoto wao wako wapi. Wapo wawili, nao wako chuoni. Hakuridhika.)

Upande wa fani, kitabu kina kasoro zisizofichika. Tashbihi zimerundikana, hasa kila bahari inapotajwa. Moth, ambaye ndiye mgonjwa, anasema mambo machache, na aghalabu ni mzaha au hekima. Hatumwoni akikasirika vya kutosha kwa mtu aliyepoteza yote hayo. Filamu iliyotengenezwa mwaka 2024 na Marianne Elliott, akiwatumia Gillian Anderson na Jason Isaacs, imelifanya jambo hili kuwa laini zaidi.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi wa Julai gazeti la The Observer lilichapisha uchunguzi likidai kwamba nyumba haikupotea kwa namna iliyosimuliwa kitabuni, kwamba majina hayo siyo majina yao ya kisheria, na kwamba wataalamu lililowauliza walitilia shaka maelezo ya ugonjwa. Mwandishi alikanusha, akasema habari hiyo inapotosha, akatoa barua za madaktari kuthibitisha maradhi ya mumewe; ila alikiri kwamba katika kazi aliyoifanya zamani kulikuwa na makosa anayoyajutia. Kitabu chake kipya, kilichokuwa kitoke mwaka huo, kikaahirishwa.

Sisi si mahakama. Lakini msomaji aliyeifikia ile sehemu ya majibu mawili hawezi kuisoma tena kama alivyoisoma mara ya kwanza. Hapo awali tulisimama upande wa wale wazee, tukiwacheka wapita njia wanaobadilisha uso kwa kusikia kitenzi kingine. Sasa tunajikuta sisi ndio wapita njia. Tulikunjua uso kwa sababu tuliambiwa kwamba watu hawa wamedhulumiwa na hawana hatia. Je, tungewapa maji kama tungeambiwa kwamba wao nao walikuwa na makosa yao? Zaidi ya nakala milioni mbili za kitabu hiki zimeuzwa ulimwenguni, na yamkini wengi wa wanunuzi wale hawangemkaribisha mtu asiye na makao mlangoni pao.

Wapo wanaosema kilometa zile zilitembewa, basi yatosha. Hatukubaliani nao: anayeandika masimulizi ya kweli amekopa imani ya msomaji, na deni hulipwa. Wapo pia wanaosema kitupwe. Nao hatukubaliani nao, maana ile shanta inayovaliwa bila msaada, na lile jibu linalobadilika, vinaonyesha uzee na umaskini kwa namna ambayo hatujaikuta katika vitabu vingi vya safari.

Kwa walimu wa kidato cha tano na cha sita tungependekeza sehemu ile ya majibu mawili iwe zoezi la tafsiri. Wanafunzi wapewe majibu yote mawili, wayaandike kwa Kiswahili, kisha waamue muulizaji atamwita msafiri yule nani. Maelezo ya gazeti wapewe siku ya pili, si siku ya kwanza.