Nani Amekopa, Nani Analipa? Kulisoma Deni katika Tamthilia

Nianze kwa kukiri kosa langu. Katika mtihani mmoja wa majaribio niliousahihisha hapa Nyeri, swali lilimtaka mtahiniwa afafanue maudhui ya umaskini katika tamthilia ya Mstahiki Meya. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne alitoa hoja nane. Ya sita ilisema kwamba wafanyakazi wa Cheneo ni maskini kwa kuwa hawana pesa. Nikaweka alama ya vyema, nikafungua ukurasa uliofuata.

Wiki mbili baadaye babake, mkulima wa kahawa upande wa Othaya, alifika shuleni kueleza sababu ya kuchelewa kwa karo. Hakusema mengi. Alinikabidhi stakabadhi ya malipo ya kahawa yake. Juu kulikuwa na kilo alizopeleka kiwandani na bei ya kila kilo. Chini yake makato yalifuatana: mbolea, dawa ya kunyunyizia, na malipo ya awali aliyochukua ili alipe karo ya muhula uliotangulia. Kilichosalia hakikufika nusu ya karo ya muhula ule.

Niliiangalia karatasi ile kwa muda mrefu. Ilieleza umaskini kuliko hoja zote nane za bintiye, na kuliko maelezo yangu darasani. Ndani yake umaskini ulikuwa na chanzo, hatua na wahusika. Mzee yule hakukosa pesa kwa kutofanya kazi. Pesa zake zilikuwa zimekwisha kuliwa kabla hazijafika mkononi.

Makala haya basi yanatoa hoja moja: maudhui ya umaskini hayasomeki barabara mpaka tulisome deni. Kila tukutanapo na umaskini katika kazi ya fasihi, tuulize maswali matatu. Nani amekopa? Nani amekula? Nani analipa? Tuyajaribu maswali haya katika kazi chache tunazozifahamu.

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Mzalendo Kimathi ni tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyochapishwa mwaka wa 1976. Dedan Kimathi wa historia alishtakiwa Nyeri mnamo Novemba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Watahiniwa wengi huikumbuka tamthilia hii kwa bunduki, msitu na mateso. Wachache hukumbuka kwamba miongoni mwa wanaomjia Kimathi gerezani kumshawishi yumo mwenye benki. Anakuja kabla ya Kimathi kuteswa, akiwa na maneno matamu ya maendeleo.

Kwa nini waandishi wakamleta mwenye benki katika seli ya mpiganaji? Jibu liko katika historia ya ardhi. Kuanzia mwaka wa 1962, kupitia mpango wa ekari milioni moja, mashamba ya walowezi yaligawiwa Waafrika, hasa katika nyanda za Nyandarua ambako watu wengi kutoka Nyeri na Murang'a walihamia. Lakini hayakutolewa bure. Walowezi walilipwa, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa serikali ya Uingereza na Benki ya Dunia kama mkopo. Mkulima aliyepewa shamba alipewa pia deni la kulilipia. Tazama kinaya hiki: watu waliopigania ardhi yao iliyonyakuliwa waliinunua upya, tena kwa fedha za kukopa. Nani alikopa? Dola changa. Nani alikula? Mlowezi aliyeondoka na fidia. Nani alilipa? Mwenye jembe. Ukiijua habari hii, mwenye benki jukwaani hawi tena pambo. Yeye ndiye anayeonyesha kwamba bendera inaweza kubadilishwa na mkoba ukabaki kwa wale wale.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Onyesho hilo lina udhaifu wake. Wageni wa Kimathi ni wahusika bapa wanaotambulishwa kwa kazi zao. Tunasikia hoja zao na jibu la shujaa, ila hatumwoni mdaiwa mwenyewe akihesabu senti jikoni. Deni linabaki kuwa jambo la mjadala.

Pengo hilo linazibwa na Timothy Arege katika Mstahiki Meya. Hapa deni limeingia hospitalini na katika mfuko wa mfanyakazi. Hospitali ya Cheneo haina dawa. Mishahara ya wafanyakazi ni duni na hawasikilizwi mpaka wagome, ilhali wakubwa wa baraza wanajishughulisha na maslahi yao wenyewe. Rafikiye Meya, Bili, anafikia hatua ya kumshauri Meya Sosi auze fimbo ya umeya. Mtahiniwa wa kawaida ataandika kwamba hiyo ni "tamaa na ufisadi", na hatakosea. Lakini mtahiniwa makini ataongeza kwamba fimbo ni ishara. Si mali ya Meya, ni dhamana ya mji. Anayeiuza anauza kisicho chake ili wengine wabaki na hasara. Je, kiongozi anayetia sahihi mkopo ambao hataulipa yeye hafanyi jambo lilo hilo?

Katika Kifo Kisimani, Kithaka wa Mberia anatuonyesha sura nyingine ya deni. Gege anaahidiwa kumwoa Alida, binti wa mtawala Bokono, naye anamuua nduguye Mwelusi kisimani. Malipo ni ahadi, gharama ni damu ya ndugu. Yeyote anayemtaja Gege kama "msaliti" tu ameacha nusu ya kazi. Naye amekopa kwa mwenye nguvu, na rehani aliyoiweka ni jamaa yake.

Sasa tutoke vitabuni kidogo. Mnamo Juni 2014 serikali ya Kenya iliuza hatifungani za dola bilioni 2 katika masoko ya nje. Februari 2024, deni hilo likikaribia kuiva, ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine ili ilipe sehemu yake. Deni lote la taifa, ambalo lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2 katikati ya mwaka wa 2013, lilikuwa limepita trilioni 10 kufikia katikati ya mwaka wa 2024. Juni hiyo vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha na kodi zake, mpaka hapa mjini Nyeri. Linganisha na stakabadhi ya mzee wangu wa Othaya: amechukua malipo ya awali ili alipe karo ya muhula uliopita. Kukopa ili kulipa. Tofauti ni kwamba yeye alikopa kwa ajili ya mtoto wake, na anajua kila senti ilikokwenda.

Wala si kwamba hatukuonywa. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri aliyepata kuwa mbunge wa Tetu na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Jubilee 2000 barani Afrika, iliyodai madeni ya nchi maskini yafutwe. Uganda na Tanzania zilipunguziwa madeni yao. Kenya haikuingia katika msamaha huo kwa sababu ilihesabiwa kuwa inaweza kulipa. Nani hasa "anaweza"? Swali hilo lingefaa kuulizwa katika kila darasa la fasihi.

Mwalimu mwenzangu, tahadhari moja. Simwambii mtahiniwa aandike habari za hatifungani katika jibu la tamthilia. Akifanya hivyo atapoteza alama, na kwa haki. Hoja itoke katika matini, ithibitishwe kwa tukio na mhusika. Ila ujuzi wa maisha ndio unaomfumbua macho aone tukio ambalo angelipita.

Nawe mtahiniwa, usione haya kwa sababu nyumbani kuna deni. Umeishi ndani ya maudhui ambayo wengine wanayakariri. Yule binti niliyemtaja niliketi naye, tukasoma stakabadhi ya babake mstari kwa mstari, kisha tukarudi Cheneo. Jibu lake la pili lilikuwa na hoja tano tu. Kila moja ilikuwa na mkopaji, mlaji na mlipaji. Zote tano nilizipa alama, na safari hii nilijua kwa nini.

Maswali ya marudio
1. "Mwenye kula siye mwenye kulipa." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia yoyote uliyosoma.
2. Fafanua umuhimu wa fimbo ya Meya kama ishara katika Mstahiki Meya.
3. Linganisha namna Kimathi na Gege wanavyozipokea ahadi za wenye nguvu.