Nani Aliyemwua? Neno juu ya mabuku ya upelelezi

Katika maktaba ndogo ya vijana ya paruasi yetu hapa Goma kuna mabuku karibu mia tatu. Mengi yameachwa na mapadri waliohamia penginepo, mengine yamenunuliwa moja moja katika soko la Virunga, yakiwa yametandazwa chini kati ya viatu na sufuria. Mtu akitaka kujua ni buku gani lapendwa, asiwaulize wasomaji, kwani mbele ya padri watamtajia Maisha ya Watakatifu. Atazame migongo ya mabuku. Maisha ya Watakatifu yamesimama pale mapya kabisa, naona haya kulisema. Lakini Agatha Christie ameshonwa kwa uzi wa fundi viatu, Maigret mmoja hana tena ganda, na nakala yetu pekee ya Kisima cha Giningi, kitabu chake Muhammed Said Abdulla, imekwisha kupoteza kurasa za mwisho. Nayo ndiyo inayoombwa kuliko zote.

Mwaka jana mzee mmoja katekista, mtu wa sala na wa maneno machache, alinikuta nikiandika daftari la maktaba. Akatazama orodha, akatikisa kichwa, akasema: « Padri, hizi buku za watu wa kuua, vijana wanapata nini ndani? Sisi watu wa Goma tunajua kuua. Haiko mambo ya kusoma kwa kujifurahisha. » Nilimjibu upesi upesi kwamba ni mazoezi ya akili. Alinyamaza kwa heshima, nami nikajua kwamba sikumjibu. Ndugu wasomaji, tangu siku ile nimerudia kuyasoma mabuku hayo, kalamu mkononi, na hapa natoa jibu ambalo ningepaswa kumpa.

Kweli, mazoezi ya akili yamo. Mwandishi anaweka alama mbele ya macho yetu, mlango uliofungwa kwa ndani, saa iliyosimama, barua iliyoungua nusu, nasi twashindana naye kama watu wawili kwenye kisoro. Lakini kama hayo yangekuwa yote, buku la namna hii lingekufa mara tu mtu amalizapo kulisoma. Kitendawili kikiisha kuteguliwa, nani atakitega tena kwa mtu yule yule? Walakini nawajua waseminari waliosoma mara tatu buku la Agatha Christie juu ya kifo cha Roger Ackroyd, lililotoka mwaka 1926, hali wamekwisha kumjua mwuaji. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, katika saa za mapumziko huko Murhesa, na mara ya tatu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Basi kuna kitu kingine.

Sikilizeni jinsi watu wasemavyo hapa mjini, asubuhi, maiti ikionekana kando ya barabara. Husema: « Walimwua. » Ukiuliza ni nani, wasema: « Walimwua tu. » Silabi hiyo moja ya lugha yetu, wa-, yafunika mambo mengi. Mwisho wa Januari 2025, M23 walipouchukua mji, wafu wengi walizikwa kwa haraka, wengine bila jina, na juu ya kila mmoja lilisemwa neno lile lile. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu ya hofu, na kwa sababu wafu walikuwa wengi mno.

Sasa fungueni buku la upelelezi. Mtu mmoja amekufa, mmoja tu, na mara nyingi ni mtu ambaye hakupendwa na yeyote, tajiri mchoyo au bibi mkali. Hata hivyo kazi zote zasimama kwa ajili yake. Hakuna ruhusa ya kutoka nyumbani mpaka jambo lijulikane. Kurasa mia mbili zatumika kuigeuza wa- iwe a-: alimwua, fulani, kwa mkono wake, saa hii, kwa sababu hii. Katekista wangu alifikiri kwamba vijana waingia mle kutafuta mauaji. Mauaji wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kuuliza swali, tena asiyechoka mpaka apate jibu.

Katika Kiswahili, mkubwa wa kazi hii ni huyo Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi katika kisiwa cha Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuingia katika magazeti alikuwa mkaguzi wa idara ya afya, na nadhani ndiko alikojifunza kutazama vitu vidogo. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-1958, kikachapwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, avuta kiko, tena ana rafiki, Najum, ambaye huona yote ayaonayo Bwana Msa na asifahamu maana yake. Kila mtu atambua kwamba baba yao ni Sherlock Holmes wa London. Wako wanaomlaumu Abdulla kwa kuiga. Mimi nasema waangalie alichokifanya na kiko hicho cha kuazima.

Maana mzimu uliomo katika jina la kitabu ni mzimu wa kwetu, na Giningi, kwa masimulizi ya Unguja, ni mahali wanapokutanika wachawi. Katika buku la kwanza mtu amekutwa amekufa mahali pa mzimu, na watu wamekwisha kukata neno: wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa hawatukani wenye kusema hivyo. Anauliza nani alionekana wapi, nani angepata faida, anatazama, anakumbuka. Na mwishowe, nyuma ya mzimu, asimama binadamu mwenye mikono miwili. Holmes naye alifanya kazi ya namna hii mwaka 1902, katika hadithi ya mbwa wa Baskerville. Lakini kule Uingereza, wakati ule, hakuna jirani ambaye angechomwa moto kwa ajili ya mbwa yule. Huku kwetu ni mambo mengine. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa kwa kuitwa wachawi. Mtu amekufa, hakuna daktari, hakuna mpelelezi, na swali la nani aliyemwua lajibiwa na mwenye sauti kubwa kuliko wengine. Kwa hiyo Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha kuchekesha katika kurasa nyingi, ni kitabu kizito zaidi kikisomwa upande huu wa ziwa Tanganyika.

Ni padri aliyeiandika sheria hiyo waziwazi. Ronald Knox, padri Mwingereza, yule aliyefasiri Biblia nzima peke yake, alitoa mwaka 1929 amri kumi za hadithi za upelelezi. Nyingine ni za mchezo tu, kama ile isemayo kwamba njia ya siri ndani ya nyumba isizidi moja. Lakini mojawapo yakataza kabisa kumaliza jambo kwa mizimu au nguvu zipitazo maumbile. Mtu aliyeamini malaika na mashetani, tena aliyewahubiri, aliwafukuza katika hadithi hizi. Sababu yake naiona hivi: mbele ya maiti, kumtaja shetani upesi mno ni kumfungulia mlango mwuaji aende zake.

Chesterton alikwisha kusema karibu neno hilo hilo katika hadithi ya kwanza ya Padri Brown, mwaka 1910, miaka kumi na miwili kabla ya kuingia katika Kanisa Katoliki. Mwizi Flambeau amevaa kanzu ya padri na kuzungumza mambo ya mbinguni vizuri sana. Padri Brown, mnene, mfupi, mwenye mwavuli, amtambua kwamba si padri, na moja ya sababu zake ni kwamba mtu yule alisema vibaya juu ya akili. Waseminari wa mwaka wa kwanza wa filozofia, wanaoiona lojika kuwa adhabu, naomba wasome hadithi hiyo kabla ya mtihani.

Tena tusijidhanie kuwa tumepokea kazi hii toka London. Danieli, sura ya 13: wazee wawili wamshitaki Suzana, na mkutano wote umekwisha kumhukumu afe, kwa sababu washitaki ni wazee wenye heshima. Danieli awatenga, amwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani alipomwona, na kila mmoja ataja mti mwingine. Katika sura ya 14 amwaga majivu katika hekalu la Beli, na asubuhi zaonekana nyayo za makuhani na wake zao na watoto wao, waliokuwa wakila usiku chakula cha sanamu. Ushahidi wa kutenganishwa, na alama za miguu: sioni ni nini kikubwa Ulaya ilichoongeza.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nakumbuka, kwa aibu, mkutano mmoja ambao haukuwa na Danieli. Nilikuwa mtoto katika seminari ndogo. Pesa ya kikundi chetu ilipotea, nasi katika usiku mmoja tukamjua mwizi: mwenzetu maskini kuliko wote, ambaye juma lile alikuwa na sabuni mpya. Hakuna aliyemwuliza sabuni ilitoka wapi. Hakurudi baada ya likizo. Pesa ilionekana baadaye, imeanguka nyuma ya kisanduku cha meza, hesabu kamili. Nilikuwa mmoja wa wale waliopaza sauti. Yawezekana kwamba kupenda kwangu mabuku haya kulianza hapo, maana ndani yake yule ambaye wote wamtuhumu katika ukurasa wa ishirini huwa karibu daima hana kosa.

Sasa niseme yaliyo mabaya. Katika Agatha Christie watu hawalii. Maiti yaondolewa, chai yaletwa, na maswali yaanza. Wapi matanga? Wapi wamama wa kartiye, wapi sufuria za kuazimwa, wapi mjomba aliyetoka mbali akitaka kuelezwa habari tangu mwanzo? Kifo kimekuwa hesabu ya ubaoni. Namsamehe kidogo kwa ajili ya Hercule Poirot, Mbelgiji huyo wa masharubu, maana ni mkimbizi wa vita ya 1914, anayeishi kwa wema wa wageni. Wasomaji wa Ulaya wamelisahau jambo hilo. Mji ulioona kambi nyingi namna hii haulisahau. Elvis Musiba wa Tanzania naye ana kosa la upande mwingine. Willy Gamba wake, tangu Kufa na Kupona mwaka 1974, akimbia, apiga risasi, ashinda, na vijana wammeza usiku mmoja. Namsoma nami, sikatai. Lakini naona kwamba hakuna anayemrudia, kwani kwa Willy Gamba jibu latoka katika bunduki, na jibu hilo Goma tumelisikia mara nyingi.

Anayenikaa moyoni zaidi ni Georges Simenon wa Liège, mtoto wa misa zamani zake, aliyepita pia Kongo mwaka 1932. Maigret wake hapimi majivu. Aketi katika baa, anywa bia, angoja mpaka afahamu kwa nini mtu huyu, siku hii, hakuweza tena kuvumilia. Na mara nyingi akiisha kumkamata, hana furaha. Swali la nani laongoza kwenye swali la kwa nini. Kanisa lalijua swali hilo. Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, mkaguzi wa vyakula, alikataa rushwa asiruhusu vyakula vilivyoharibika viliwe na watu, akauawa mwezi wa Julai 2007. Kabla ya kutangazwa Mwenye Heri huko Roma, tarehe 15 Juni 2025, ilibidi mashahidi wasikilizwe na maneno yao yaandikwe, mpaka ithibitike kwa nini aliuawa. Huo nao ulikuwa upelelezi, na nimewaambia vijana hivyo katika mafundisho. Walisikiliza kuliko siku zote.

Haya yote nimeyaeleza kwa mzee katekista, kwa ufupi, nikampa Mzimu wa Watu wa Kale. Alikaa nalo majuma matatu. Aliporudi hakuniambia kama lilimpendeza. Aliuliza tu: « Ile ingine ya Giningi iko? » Nikamwonyesha nakala yetu, na mahali ambapo kurasa zimekatika. Vijana wameandika kwa kalamu, ndani ya ganda, miisho minne mbalimbali, kila mmoja na mwuaji wake, nao hugombana juu yake baada ya Misa ya pili. Mzee aliisoma yote minne akiwa amesimama, akasema hakuna hata mmoja wenye ushahidi, kisha akalichukua buku vile vile lilivyo.

Basi, kama mmoja wenu wasomaji, huko Bukavu, Butembo, Uvira au penginepo, anayo nakala kamili ya Kisima cha Giningi, twamwomba atuazime kwa mwezi mmoja. Tutanakili kurasa zinazokosekana na kuirudisha kwa mkono wa padri wa kwanza atakayeshika njia ya kwenu.