Chupa ya Seremala

Jirani yangu wa Cork alikuwa seremala. Alistaafu kabla sijahamia mtaa ule, lakini banda la nyuma ya nyumba yake lilikuwa bado na meza ya kazi, randa tatu, na patasi zilizopangwa kuanzia nyembamba hadi pana. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi huko Ireland, mlango wangu wa mbele ulivimba kwa unyevu ukagoma kufunga. Alikuja bila kuitwa, akaung'oa kwenye bawaba, akaupiga randa uani huku mvua ikimnyeshea, akaurudisha. Hakutaka hata senti. Alipokaribia kutimiza miaka 80 nilijua nina deni, na nilijua pia kwamba kila Ijumaa jioni hunywa bilauri moja ya wiski. Bila kulijua hilo la pili nisingethubutu kuingia dukani. Kilevi hakipelekwi kwa mtu asiyekitumia, hata kiwe cha thamani gani.

Rafu ya wiski ya Ireland ilijaa makopo ya bati yenye nakshi na masanduku yaliyotandikwa hariri. Katikati ya miaka ya 1980 rafu hiyo ingekuwa nyembamba, kwani kisiwa kizima kilikuwa kimebakiwa na viwanda viwili tu: Bushmills kule kaskazini, na Midleton, mwendo mfupi mashariki ya Cork. Sasa viwanda ni makumi, na kila kimoja kina hadithi yake ya kuuza. Niliyapita masanduku. Nilikuwa natafuta maneno matatu kwenye lebo, single pot still, maana ndiyo yanayonieleza kuwa ndani mna kazi ambayo Waireland peke yao waliilea mpaka ikawa yao.

Anayejua gongo linavyopikwa anajua tayari nusu ya habari hii: kinachochachuka huwekwa motoni, mvuke hupanda, hupozwa, hutona. Tofauti iko kwenye nafaka, kwenye shaba na kwenye subira. Nafaka ni shayiri, na hapo ndipo penye jambo. Mwaka 1785 serikali ilipandisha kodi ya kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Wenye viwanda wakaanza kuchanganya kimea na shayiri isiyooteshwa, ambayo haikutozwa. Walikuwa wanakwepa kodi, basi. Lakini shayiri ile mbichi ilileta uzito wa namna yake, kitu kama mafuta kinachotanda ulimini, na ukali wa viungo usiochoma. Kodi ilikuja kuondolewa, mchanganyiko ukabaki. Leo kanuni zinadai kila moja ya shayiri hizo mbili iwe angalau asilimia 30, na yote ikenekwe katika mitungi ya shaba, ndiyo pot still ya kwenye lebo. Kwa kawaida hupitishwa mara tatu, kila mara mkenekaji akiamua ni wapi aanze kupokea na ni wapi akate.

Wazee wa Dublin waliipenda namna hii hadi ikawagharimu. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, Mwaireland aliyekuwa ofisa wa ushuru, alipata hataza ya mtambo wa minara uliokeneka mfululizo bila kusimama, kwa bei nafuu. Waskoti waliupokea. Wakubwa wa Dublin waliukataa, na mwaka 1878 nyumba nne za wiski zikiongozwa na majina kama Jameson na Power zilichapisha kitabu kizima kuupinga, zikisema kinachotoka humo hakistahili kuitwa wiski. Nadhani kuhusu ladha walikuwa na haki. Biashara haikuwangoja. Marekani ikapiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, ugomvi wa kibiashara na Uingereza ukafuata, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kiwanda cha Power, kilichoanza John's Lane mwaka 1791, leo ni chuo cha sanaa na usanifu. Mitungi mitatu ya shaba imeachwa uani, wanafunzi wanapita kando yake na mikoba yao ya michoro.

Lakini mimi nilikuwa namnunulia seremala, kwa hiyo mawazo yangu yalikuwa zaidi kwenye pipa.

Wiski ikitoka kwenye shaba haina rangi. Sheria inataka ikae ndani ya mti miaka mitatu isipungue, na sehemu kubwa ya ladha yake huipata humo. Mapipa mengi hutoka Marekani, ambako wiski yao, bourbon, lazima iwekwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa kwa ndani. Likishatumika mara moja huuzwa, na Waireland hulipokea kama watu wanaojua thamani ya kitu kilichokwisha kufundishwa kazi. Mengine hutoka Jerez, kusini ya Hispania, baada ya kukaliwa na divai ya sherry. La kwanza huacha vanila na utamu wa sukari iliyoungua, la pili huacha zabibu kavu na kokwa.

Pipa halina gundi wala msumari. Mbao zake hupasuliwa kufuata mishipa ya mti, zikachongwa ziwe pana katikati na nyembamba nchani, kisha zikabanwa kwa pete za chuma. Fundi mapipa akikuta mwanya hupachika matete makavu, na kinywaji kikiingia mbao hunywa, huvimba, hujifunga zenyewe. Midleton alikuwepo Ger Buckley, aliyerithi ufundi huo akiwa wa kizazi cha tano katika ukoo wake, akikarabati mapipa kwa nyundo na vyombo vya mkono. Mambo hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu niliposimama mbele ya rafu: kule kuvimba kulikouharibu mlango wangu ndiko kunakoihifadhi wiski.

Hapo pipa linapolala mtu anaweza kukaa na kuwaza muda mrefu. Kila mwaka karibu asilimia mbili huyeyukia hewani. Anayejaza pipa hajui kama atakuwa kazini siku litakapofunguliwa. Barry Crockett, aliyekuwa mkenekaji mkuu wa Midleton, alizaliwa katika nyumba iliyomo ndani ya uwanja wa kiwanda, kwa kuwa baba yake, Max, alikuwa na kazi hiyo hiyo. Mwaka 2020 ilitolewa wiski ambayo Max aliikeneka mwaka 1974, kabla kiwanda cha zamani cha hapo hapo Midleton hakijazimwa. Miaka 45 na zaidi, kazi ya mkono wa mtu ilikuwa bado gizani ikingoja. Chupa hiyo si ya mfuko wangu, wala nisingempa jirani yangu kitu ambacho angeogopa kukifungua. Wiski haikui ndani ya chupa. Ikishatiwa humo umri wake umesimama, na kuiweka kabatini miaka kumi hakuiongezei chochote.

Nilishika chupa mbili. Moja ilikuwa Yellow Spot, ya ukoo wa Mitchell, wauzaji wa divai wa Dublin tangu 1805, ambao walikuwa wakijaza mapipa yao wenyewe na kuyapaka doa la rangi ili wajue umri: buluu miaka 7, kijani 10, njano 12, nyekundu 15. Alama ya brashi kwenye mti. Seremala angeielewa mara moja. Nyingine ilikuwa Powers John's Lane, miaka 12, nguvu asilimia 46. Niliirudisha ya kwanza kwa shingo upande. Bilauri ya Ijumaa ya jirani yangu ilikuwa Powers ya kawaida, na mtu aliyezoea kitu kwa miaka 50 sioni sababu ya kumpeleka ugenini siku ya sherehe yake. Niliona afadhali nimletee ndugu mkubwa wa anayemjua.

"Mzee, ifungue," nilimwambia siku yake ilipofika, maana alikwisha kulipenda jina hilo. Alimimina bilauri mbili, akatia kila moja matone ya maji, akaacha zitulie. Nikamweleza habari ya matete na mbao zinazovimba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda bandani. Alirudi na kipande cha mwaloni kisichozidi kiganja, akakigeuza kwenye mwanga wa taa, akanionyesha kwa penseli mistari myembamba inayotoka kwenye kiini cha mti kwenda kwenye gome. Ukipasua ubao kuifuata mistari hii, alisema, kinywaji hakipati njia. Akakuna kile kipande kwa ukucha, akakinusa. Akanusa bilauri. Akarudi tena kwenye ubao.